Hatuna barafu, lakini nduthi bado inachemka

Kwenye chupa imeandikwa antifrizi, yaani dawa ya kuzuia barafu. Hilo neno moja limetuharibia mambo mengi. Mkenya amenunua nduthi ya mitumba yenye rejeta, anasimama pale kituo cha mafuta, anasoma chupa, anaangalia jua la saa saba mchana, anajiuliza: barafu gani? Anairudisha kwa rafu, anaomba maji ya mfereji, anajaza, anaenda zake. Miezi kadhaa baadaye anaambiwa gasketi ya hedi imekwenda, na fundi anampigia hesabu inayokaribia nusu ya bei aliyonunulia. Hapo sasa ndipo unasikia ile sentensi ya kila stage: "Hizi nduthi za maji si za Afrika."

Mimi sikubaliani na hiyo sentensi, na sababu zangu ziko kwa historia. Si historia ya wafalme na vita, hapana. Ni historia ya joto: vile watu wamepambana kwa zaidi ya miaka 130 kuzuia injini iliyo katikati ya miguu yao isiwachome na isijichome yenyewe.

Tuanze na kitu kidogo cha fizikia, halafu tusonge. Ukichoma petroli ndani ya silinda, gesi inafika joto la zaidi ya digrii 2,000. Pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, na aluminiamu inayeyuka karibu digrii 660. Soma tena hizo namba. Yaani injini yoyote ni kitu ambacho, kwa haki, kilifaa kuyeyuka. Kisichoyeyuka ni kwa sababu moto unawaka kidogo tu kwa kila mzunguko, na kuna kitu kinabeba joto kulitoa nje haraka kuliko linavyoingia. Kama theluthi moja tu ya nguvu ya petroli, tena mara nyingi chini ya hapo, ndiyo inazungusha gurudumu. Nyingine yote ni joto, linatoka kwa ekzosi au linatafuta njia kupitia chuma. Swali la historia yote ya pikipiki ni hilo: nani atalibeba hilo joto?

Mwaka 1885 huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya cc 264 kwenye fremu ya mbao, wakaiita Reitwagen. Wengi wanaihesabu kama pikipiki ya kwanza ya petroli. Ilikuwa na nguvu ya nusu farasi na ilikimbia kama kilomita 12 kwa saa, hata mtu wa baiskeli ya Black Mamba angeipita akiimba. Mwezi wa Novemba, kijana wa Daimler, Paul, akaipanda kutoka Cannstatt kwenda Untertürkheim. Wakati huo hakukuwa na plagi ya umeme. Petroli iliwashwa na bomba dogo lililopashwa moto mpaka likawa jekundu, na hilo bomba lilikuwa chini ya kiti. Kiti kikashika moto. Huyo ndiye mwendeshaji wa kwanza wa pikipiki duniani, na tayari ameunguzwa makalio. Kwa hivyo ukishuka kwa nduthi yako jioni ukiona suruali imebabuka pale karibu na ekzosi, jua uko kwa ukoo wa zamani.

Reitwagen ilipozwa na hewa. Lakini pikipiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi haikuwa ya hewa, na hii ndiyo sehemu wengi hawaijui. Mwaka 1894 huko Munich, Hildebrand na Wolfmüller walianza kuuza mashine ya cc 1,489. Ndio, injini ya ukubwa unaokaribiana na wa Probox nyingi unazopanda kwenda Narok. Nguvu yake ilikuwa farasi wawili na nusu tu, na kasi karibu kilomita 45 kwa saa. Hiyo injini ilipozwa kwa maji. Maji yenyewe yalikaa wapi? Ndani ya madigadi ya nyuma! Madigadi yalikuwa tanki, na upepo ukipita juu yake unapoza maji. Wajerumani wale wale ndio waliipa dunia neno Motorrad. Kwa hivyo mtu akikuambia maji kwa pikipiki ni mambo mapya ya kompyuta na mabadiliko ya tabianchi, mwambie ni ya tangu 1894, kabla reli haijafika Nairobi.

Baadaye hewa ikashinda, na ilishinda kwa haki. Ukichonga mapezi kwenye silinda, kama mapezi ya samaki, unaongeza eneo ambalo upepo unagusa. Hakuna pampu, hakuna hozi, hakuna rejeta ya kutobolewa na jiwe. Ni nyepesi na ni rahisi. Pikipiki ina bahati ambayo gari haina: injini iko nje, inapigwa na upepo bure. Kwa miaka mingi mtu aliyeweka maji kwa pikipiki alionekana kama mtu anayevaa koti la mvua ndani ya nyumba.

Wachache walishikilia maji. Alfred Angas Scott, Mwingereza wa Yorkshire, alianza kampuni yake 1908 akitengeneza injini za tu-stroki zenye maji. Tu-stroki inawaka kila mzunguko, haina nafasi ya kupumua, kwa hivyo joto lake ni la hatari zaidi. Watu walimcheka mpaka pikipiki zake zikashinda mbio kubwa za Senior TT pale Isle of Man mwaka 1912, zikarudia 1913. Halafu kuna ile Velocette LE ya 1948, cc 149, ambayo polisi wa Uingereza waliipenda sana. Unajua kwa nini? Ilikuwa kimya. Koti la maji linalozunguka silinda linameza kelele. Polisi aliweza kupita mtaani usiku na mwizi asisikie. Kumbuka hiyo hoja ya kelele, itarudi.

Sasa kwetu. Boda boda ilianza Busia miaka ya 1960, baiskeli za kuvusha watu na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka, na jina likatoka hapo. Pikipiki zilikuja kwa wingi baada ya serikali kuondoa VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, mwaka 2008. Zilizoingia zilikuwa za aina moja kimawazo: injini ndogo ya silinda moja, cc 100 hadi 150, ya kupozwa na hewa. Boxer, TVS, Honda. Na wote hawa ni watoto wa wazo moja la zamani, Honda Super Cub ya 1958, ambayo kufikia 2017 ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kimewahi kufika namba hiyo. Mimi sina neno baya la kusema kuhusu hizo injini. Zinabeba mtu watatu na gunia la viazi kupanda Kinale, na kesho zinawaka.

Lakini angalia kilichotokea kwa elimu yetu. Kizazi kizima cha mafundi, maelfu kwa maelfu, kilijifunza kwa hizo injini. Fundi wa nduthi wa mtaa anajua valvu, anajua kabureta, anajua kubadilisha klachi akiwa amefumba macho. Kwa nduthi ya hewa, kitu pekee cha maji maji kinachobeba joto ni oili, na hiyo anaijua. Rejeta? Rejeta ni ya magari, ni kazi ya jirani. Sisemi hivi kuwadharau. Nasema hakuna aliyewafundisha kwa sababu hakukuwa na nduthi ya kufundishia. Halafu ghafla, miaka hii kumi na kidogo, zimeingia nduthi za cc 200, 250, 390, za Kihindi, za Kijapani, za Austria, zimepita mikono miwili mitatu, na kila moja ina maji ndani. Mashine ilibadilika haraka kuliko maarifa, basi.

Kwa nini kiwanda kilirudi kwa maji? Si kwa sababu ya barafu. Wajapani walianza na Suzuki GT750 mwaka 1971, silinda tatu, tu-stroki. Shida yake ilikuwa silinda ya katikati, ambayo haioni upepo vizuri kwa sababu imebanwa na wenzake pande zote mbili. Maji yalitatua hilo, silinda zote tatu zikapata joto sawa. Waingereza wakaibandika jina la Birika. Wamarekani wakaiita nyati wa maji. Honda wakafuata na Gold Wing, iliyoonyeshwa Cologne mwaka 1974. Kisha sheria zikaingia: Marekani ilianza kubana moshi wa pikipiki kuanzia modeli za 1978, na kelele zikafuata. Injini ikikaa kwa joto lilelile muda wote, unaweza kuibana vipimo vyake, pistoni inakaa vizuri kwa silinda, petroli inachomeka vizuri. Na kelele, kama nilivyosema, maji yanaimeza. BMW, ambao waliuza injini zao za boksa za hewa tangu 1923, walishikilia mpaka 2013 ndipo wakaweka maji kwenye R1200GS. Miaka 90! Hata wakaidi walisalimu amri.

Na hiyo sentensi ya "si za Afrika"? Ushahidi wangu ni Paris-Dakar. Mbio za kwanza, 1979, alishinda Cyril Neveu na Yamaha XT500, injini ya hewa. Mwaka 1981 Hubert Auriol akashinda na BMW, hewa tena. Ungesema sawa, jangwa linataka hewa. Lakini Honda wakaleta NXR750, silinda mbili za V, ya maji, wakashinda 1986, 1987, 1988 na 1989. Mara nne mfululizo, Sahara, mchanga mpaka kwa meno. Hakuna mahali pa Afrika pana joto la kuishinda ile. Maji hayakushindwa na Afrika. Ila yale hayakuwa maji ya mfereji.

Tuje sasa kwa hiyo chupa yenyewe.

Ndani yake kitu kikubwa ni ethilini glikoli. Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza maabara miaka ya 1850, na kwa muda mrefu haikuwa na kazi ya maana. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja ilitumika kutengenezea vilipuzi. Wakati huo wenye magari Ulaya na Marekani walikuwa wanahangaika kila msimu wa baridi: maji yakiganda yanapanuka, yanapasua bloku ya injini kama yai. Walijaribu kila kitu. Spiriti, ambayo ilichemka na kupotea hewani. Chumvi, ambayo ilikula chuma. Gliserini. Wengine waliweka asali, na sifanyi mzaha. Kisha 1927 ikaingia sokoni glikoli kwa jina la Prestone, ikauzwa kama dawa ya baridi, na jina antifrizi likashika moja kwa moja. Hapo ndipo mkosi wetu wa lugha ulianza. Bidhaa ilipewa jina kutokana na shida ya mnunuzi wa kwanza, na mnunuzi wa kwanza alikuwa anaishi kwa theluji.

Lakini kwenye ndege, glikoli ilikuwa na kazi tofauti kabisa. Glikoli tupu inachemka karibu digrii 197. Wahandisi wa ndege waliona kwamba injini ikiruhusiwa kukaa moto zaidi bila kuchemsha, rejeta inaweza kuwa ndogo, na rejeta ndogo haikwaruzani sana na upepo. Injini ya Rolls-Royce Merlin, ile ya Spitfire, ilianza na glikoli tupu. Ikaleta shida. Glikoli tupu inaweza kushika moto, na ilikuwa inavuja. Baadaye wakabadilisha wakaweka mchanganyiko: asilimia 70 maji, asilimia 30 glikoli, ndani ya mfumo wenye presha. Injini zikadumu zaidi.

Hapa kuna somo ambalo ningependa liandikwe kwa ukuta wa kila gereji. Maji ndiyo mbebaji bora wa joto. Glikoli inabeba kidogo, kama zaidi ya nusu tu ya yale maji yanabeba kwa uzito uleule. Kwa hivyo yule anayejaza glikoli tupu akidhani anaitendea nduthi yake wema, anaipoza vibaya kuliko aliyechanganya. Kazi ya glikoli ni kupandisha kiwango cha kuchemka, na kubeba zile dawa nyingine ndogo zilizo ndani ya chupa, za kuzuia kutu na ulikaji. Kwetu sisi tusio na barafu, hizo dawa ndogo ndizo tunalipia hasa. Ukinunua iliyokwisha kuchanganywa, usiongeze maji. Ukinunua nzito, nusu kwa nusu inatosha.

Sasa lete hayo yote Kenya. Maji yanachemka digrii 100 ukiwa Mombasa. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hapo yanachemka digrii 94 hivi. Eldoret, 93. Ukifika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, maji yanachemka karibu digrii 91. Mama yeyote aliyepika maharagwe huko anajua hili bila kusoma fizikia. Sasa fikiria feni ya nduthi nyingi za maji inaanza kuzunguka joto likifika karibu digrii 100. Unaona shida? Kama presha haiko, maji yako Nairobi yamekwisha chemka kabla feni haijaamka.

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Kile kifuniko kidogo chenye springi, ambacho mtu anapoteza na kubadilisha na chochote kinachoingia, ndicho kinachofunga presha. Wengi wao wameandikwa 1.1 juu, yaani ba 1.1. Mfuniko mzuri unapandisha kiwango cha maji kuchemka Nairobi kutoka 94 mpaka karibu 120, na glikoli inaongeza digrii kadhaa juu yake. Kwa hivyo ukiniuliza mimi, kwa nduthi ya mitumba inayochemka bila kuvuja popote, kabla hujauza mbuzi kununua pampu, badilisha mfuniko. Ni kipande cha bei ndogo zaidi kwenye mfumo mzima na ndicho kinadharauliwa kabisa.

Halafu ni aina ya maji. Jiji letu lenyewe liliitwa kwa maji: Enkare Nairobi, kwa Kimaasai, maji baridi. Reli ilipofika hapa 1899 hicho kijito kilikuwa sababu moja kubwa ya kusimama, kwa sababu injini za mvuke zinakunywa maji kama ng'ombe na mbele yao kulikuwa na mlima. Watu wa reli walijua kitu tumesahau: maji si maji tu. Maji yenye madini mengi yakichemshwa yanaacha ukoko, ule mweupe unaouona ndani ya birika la nyumbani. Ndani ya boila ukoko huo unazuia joto kupita. Ndani ya rejeta ya nduthi, yenye mifereji myembamba kama njiti, ukoko unaziba kabisa. Na maji yetu mengi siku hizi ni ya visima virefu, ama ya bowza ambayo hujui ilijaza wapi. Ukiwa pwani, mengine ukionja ni chumvi wazi.

Nitasimulia moja yangu, kwa kifupi. Mwaka juzi nilikuwa nanunua cc 250 ya mitumba, silinda moja, ya maji. Mwenyewe aliiwasha kabla sijafika, nikamwambia tungoje ipoe kabisa. Alikasirika kidogo. Tukakaa kama saa moja na nusu tukiongea siasa. Ilipokuwa baridi ya kushika na mkono, nikafungua mfuniko. Ndani kulikuwa na kitu kama uji wa wimbi uliotiwa maziwa kidogo, kijivu-kijivu. Nikaingiza kidole, nikatoa mchanga mweupe laini. Huyo mwenyewe akasema hiyo ndiyo kulanti ya Kijapani. Sikubishana, nilitoa shilingi elfu ishirini na tano kwa bei, akakubali baada ya mvutano.

Nikaipeleka kwa mzee mmoja ambaye hutengeneza magari, si nduthi, karibu na Kirinyaga Road.

"Mzee wangu, hii naweza kuiokoa?"

"Injini ni ya aluminiamu, kijana," akasema. "Ingekuwa chuma ungeona rangi ya kutu. Hii kijivu ni aluminiamu yenyewe inaliwa, na chokaa ya maji. Sio rejeta inakufa peke yake. Ni hedi pia."

Tukatoa yote, tukasafisha kwa maji ya distilled mara tatu mpaka yakatoka safi. Thamostati ilikuwa imetolewa kabisa. Hiyo nayo ni desturi yetu: ikichemka, toa thamostati. Mzee akaguna tu. Thamostati haipozi injini, inaisaidia kufika kwa joto lake la kazi na kukaa hapo. Ukiitoa, injini ya asubuhi ya Julai pale Limuru inazunguka baridi muda mrefu, oili inakusanya unyevu, petroli inaingia nyingi bure, na ile shida ya kuchemka bado iko kwa sababu rejeta bado imeziba. Tukaweka mpya, na mfuniko mpya, na kulanti ya injini za aluminiamu isiyo na silikati, kwa sababu Wajapani wengi kwenye vitabu vyao wanaionya silikati: inakwaruza sili ya pampu ya maji.

Chini ya pampu kuna kitundu kidogo ambacho watu hudhani ni kasoro na wengine wanakiziba na gundi. Tafadhali. Hicho kitundu kiliwekwa na kiwanda makusudi. Sili ya ndani ikiisha, maji yanatokea hapo nje badala ya kuingia kwa oili. Ukikiziba umemzima mlinzi king'ora. Kwa nduthi ya mitumba ndicho kitu cha kwanza naangalia nikiinama chini: kama kuna alama ya kijani ama nyeupe iliyokauka, najua pampu inaomba kazi. Kisha naangalia kioo cha oili. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameshaingia, na hapo ni wewe na roho yako.

Rangi ya kulanti, kwa njia, haimaanishi kitu. Kijani, nyekundu, buluu, ni rangi tu ambayo kampuni iliamua. Usichanganye kwa kufuata rangi, na usichanganye aina mbili usizozijua, nyingine zikikutana zinaganda kama uji. Vitabu vingi vya nduthi vinasema ibadilishwe kila miaka miwili hivi, hata kama hujaendesha sana, kwa sababu zile dawa za kuzuia ulikaji zinaisha zikiwa zimekaa tu. Kwa nduthi ya mitumba mimi nahesabu imeisha jana. Na pale kituo cha mafuta ukiomba maji ya betri, hakikisha umepewa distilled na si asidi. Chupa zinafanana na zinakaa rafu moja.

Kitu cha mwisho si cha injini. Glikoli ni tamu. Ni tamu kweli, mbwa huilamba sakafuni, na ni sumu inayoua figo. Mwaka 1937 kule Marekani dawa ya maji ya salfa ilichanganywa na daietilini glikoli, ndugu wa hii yetu, wakafa watu zaidi ya 100, na sheria yao ya dawa ya 1938 ilitokana na hayo makaburi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa za kikohozi zilizokuwa na glikoli hizo mbili huko Gambia, ambako watoto karibu 70 walikufa. Hao hawakunywa kutoka kwa rejeta, lakini kemikali ni hiyohiyo.

Na sisi tunaiweka wapi? Kwa chupa ya soda. Nimeona hii kwa gereji zaidi ya moja: kulanti ya kijani imebaki nusu, inamiminwa kwa chupa ya soda ya nusu lita, inawekwa chini ya benchi, na mtoto wa mama wa chakula anacheza hapo karibu. Rangi ni ya soda, ladha ni ya sukari. Kama umebaki nayo, iache kwa kopo lake lenye kifuniko chake, juu, mahali mtoto hafiki hata akipanda stuli. Iliyotoka kwa nduthi usiimwage kwa mtaro ambao kuku na mbwa wa mtaa wanakunywa. Mimi hukusanya ya zamani kwa mtungi wa lita tano, nimeubandika karatasi ya fuvu la kichwa niliyochora mwenyewe, na mzee wa Kirinyaga Road huichukua pamoja na oili yake chafu mtu wake akija kukusanya.

Mchoro wenyewe ni mbaya, unafanana na nyani, lakini mtoto wa jirani akiuona anakimbia.